Saksofoni ya kompyuta inalia ukipuliza, ukiplei inakaa kimya: shida iko wapi?

Wakuu, huku Mtwara hela ya korosho ikishaingia ndio studio ndogo zinapata kazi, kwaya zinataka albamu, watu wa harusi wanataka wimbo wa bwana na bibi harusi kuingia ukumbini, na kila mtu anataka kusikia saksofoni au tarumbeta humo ndani ila mpigaji mwenyewe hapatikani, wachache waliopo wana ratiba zao na bei zao. Ndio maana wengi tunatumia vyombo vya kupuliza vya kwenye kompyuta tunaviunganisha na kontrola ya pumzi, yani kile kidude unachoweka mdomoni kinapima nguvu ya pumzi yako na kuipeleka kwenye laptopu kwa waya wa USB. Ikikaa sawa inalia mpaka wazee wa kanisa wanauliza huyo mpigaji mmemtoa wapi. Ikizingua sasa, inazingua kwa namna ambayo kinanda hakijawahi kukuzingua, na watu wanapoteza usiku mzima kufuta plagini, yani hicho chombo cha kompyuta chenyewe, na kuinstoli upya wakati plagini haina kosa lolote.

Kabla hujagusa kitu elewa hili. Kwenye piano noti inabeba kila kitu, umeigonga kwa nguvu italia kwa nguvu, basi. Kwenye chombo cha kupuliza noti inasema tu kidole kiko wapi, ila kulia au kutolia kunaamuliwa na mkondo wa namba za pumzi unaotembea chini ya noti, kuanzia 0 mpaka 127, na kwenye midi, yani lugha ya kuongea kati ya vyombo na kompyuta, namba za kontrola zinaitwa CC na pumzi ina mlango wake unaitwa CC2. Huo mlango wa pumzi sio wa jana, Yamaha DX7 ya mwaka 1983 tayari ilikuwa na tundu la kuchomeka kontrola ya pumzi. Kwahiyo shida yoyote ya kurekodi pumzi, kitu cha kwanza ni kufungua rekodi yako, kushuka chini ya noti na kuutazama mstari wa CC. Nusu ya maswali ninayoulizwa yanajibika hapo hapo bila kugusa plagini.

Hailii kabisa, hata live

Hii tuipite haraka. Kontrola yako inatuma namba moja, plagini inasubiri namba nyingine. Kontrola nyingi zinatuma CC2, lakini SWAM, plagini za vyombo vya muziki za kampuni ya Audio Modeling, kwa kawaida zinasubiri CC11 ndio zifungue mdomo, usipozipa hiyo unaweza kubonyeza kinanda mpaka asubuhi zitakaa kimya. Maktaba nyingi za sauti zilizorekodiwa (sampo) za Kontakt zenyewe zinasikiliza CC1, ile gurudumu la modulesheni. Badilisha upande mmoja tu, ama kontrola itume kile plagini inachotaka, ama plagini isikilize kile kontrola inachotuma, ukibadilisha kote kote kwa pamoja utajizungusha. Kama hujui kontrola yako inatuma nini, Windows kuna MIDI-OX na Mac kuna MIDI Monitor, zote zinapakuliwa bure, puliza uone namba inayoruka. Angalia na chaneli pia, kama pumzi inatoka chaneli 1 na kinanda kinatoka chaneli 2 na plagini imewekwa isikilize chaneli moja tu, basi noti zitafika pumzi haitafika.

Live inalia vizuri, ukiplei kimya

Hii ndio kesi kubwa, hapa nitakaa kidogo.

Fungua rekodi, tazama mstari wa CC2. Upo au haupo?

Kama haupo, noti zimeingia na pumzi imebaki mlangoni. Kila programu ya kurekodi ina tabia zake, Cubase kwa mfano ina vichujio vya midi kwenye mipangilio yake, na kuna kichujio cha kurekodi na kingine cha kupitisha, vimetenganishwa. Mtu akitiki kontrola kwenye kile cha kurekodi, wewe unapopuliza unasikia vizuri kabisa manake inapita, ila haiandikwi popote. Ukiplei unapata noti tupu. Logic nayo ina kichujio cha kuingiza, ila yenyewe ikizuia inazuia hata live kwahiyo unagundua mapema. FL Studio ina tabia yake peke yake, usitegemee CC iingie kwenye rekodi yenyewe kama kwenye programu nyingine, njia ya uhakika ni kukiunganisha kile kitasa cha pumzi ndani ya plagini na kontrola yako, alafu ubonyeze kitufe cha kurekodi kwa kulia kwa mausi uhakikishe kurekodi otomesheni, yani mwendo wa vitasa, kumewashwa na sio noti peke yake. Watu wa FL hapa ndio wanaliwa sana.

Na kabla hujasema mstari haupo, pitia CC zote zilizopo kwenye rekodi. Inawezekana kontrola ilikuwa inatuma CC11, au CC7, au aftatachi (mgandamizo wa kitufe baada ya kubonyeza), wewe unatafuta CC2 tu.

Kama mstari upo, umepanda na kushuka vizuri, na bado kimya, hapo ndio utamu wenyewe. Mwalimu mmoja wa kwaya alikuja na laptopu kutoka Masasi, kaibeba kwenye basi kaikumbatia kama mtoto, anafika tu,

"Fundi, saksofoni imekufa. Jana usiku imelia vizuri, leo asubuhi haitoi hata mlio."

"Pole na safari, mwalimu. Hiyo kontrola bado umeichomeka?"

"Ipo, hii hapa."

"Hebu chomoa waya, alafu plei."

Ikalia ubeti mzima na kiitikio. Akacheka mwenyewe, akaomba maji ya kunywa.

Kilichotokea ni hivi: traki ilikuwa bado ina kile kitufe chekundu cha kurekodi na monita, yani kupitisha live kile kinachoingia, iko wazi, na kontrola iko mezani imechomekwa. Kontrola iliyolala mezani haijanyamaza, sensa yake inachezacheza, inatuma 0, 1, 0, 1, hata kama hakuna mtu anayepuliza. Sasa plagini inapokea mikondo miwili kwa wakati mmoja, rekodi inasema pumzi iko 74, meza inasema pumzi iko 0, na plagini inafuata aliyesema mwisho. Ikiwa meza inaongea sana unapata kimya, ikiwa inaongea kwa vipindi unapata sauti inayokatika katika, na hii ya pili ndio inadanganya watu wanadhani ni laptopu imechoka. Dawa ni kuzima kitufe chekundu kwenye traki kabla ya kusikiliza, au kuzima monita, au kuchomoa waya kama mwalimu. Bora zaidi kontrola iwe na eneo la kufa chini kabisa, yani usomaji wowote chini ya kiwango fulani uhesabike sifuri na usitumwe tena na tena. Kontrola nyingi za dukani zina hiyo seti kwenye programu yake.

Kuna watu shida yao ni pale wanapoanzia. Ukibonyeza plei katikati ya noti ndefu, ile amri ya kuanza noti imeshapita, programu inatakiwa irudi nyuma iangalie ni noti gani ilikuwa imeshikwa na pumzi ilikuwa namba ngapi. Programu kubwa zinaweza, ila lazima iwe imewashwa, Cubase utaikuta kwenye mipangilio ya midi imeandikwa Chase Events, Logic na Reaper nazo wana ya kwao. Hakikisha kontrola zimetikiwa humo na sio noti tu. Ukiona kila ukianzia mwanzo wa wimbo inalia na ukianzia katikati hailii, usihangaike na kingine, ni hii.

Alafu kuna programu zinazotuma amri ya kurudisha kontrola zote mwanzo kila ukisimamisha au ukianza kuplei. Hiyo ikitoka, chombo kinaweza kuanza kwa kishindo au kisianze kabisa mpaka namba ya kwanza ya pumzi ifike. Mimi huwa naweka kwa mkono nukta moja ya CC mwanzoni kabisa mwa traki, sifuri, na nyingine kidogo kabla ya noti ya kwanza. Sekunde chache tu na inaondoa maswali.

Inaanza vizuri ila haiachi kulia

Umemaliza kupiga, ukiplei noti ya mwisho inaendelea mpaka unaipigia kelele. Tazama mwisho wa mstari, mara nyingi haujafika sifuri. Ulibonyeza stopu wakati pumzi bado inashuka, ikaandikwa mpaka 22 ikaishia hapo, na plagini ikabaki na 22 yake. Au umekata rekodi katikati ukatupa kipande cha mwisho pamoja na sifuri iliyokuwa ndani yake. Hii inawapata sana wanaokopi ubeti wa kwanza kuweka wa pili. Malizia kila kipande kwa sifuri, na unaporekodi ukimaliza kupuliza hesabu moja mbili ndio ubonyeze stopu.

Kama sifuri ipo na bado kuna mlio mdogo unabaki, au kama kontrola yako haifiki sifuri kabisa hata ukiitoa mdomoni, basi ni sensa. Na hapa niseme na wale wanaojitengenezea wenyewe, manake kontrola ya dukani kuagiza mpaka ikufikie Lindi au Nachingwea ni gharama, kwahiyo vijana wananunua sensa ya presha aina ya MPX5010 na bodi ya Arduino Leonardo au Pro Micro, ambazo kompyuta inaweza kuzitambua moja kwa moja kama kifaa cha midi kwa USB. Kazi nzuri sana. Ila sensa hiyo bila presha yoyote haitoi volti sifuri, inatoa kama volti 0.2. Kwenye bodi ya volti 5 inayosoma kuanzia 0 mpaka 1023, hiyo ni kama 41. Ukigawa kwa 8 upate namba ya midi unapata 5. Kwahiyo kontrola yako inapuliza 5 saa zote hata ukiwa umelala, na ikitetemeka kidogo inatuma 5, 6, 5, 6 bila kuchoka. Kwenye kodi yako lazima utoe ule mwanzo ndio ugawe, na bora usiandike 41 moja kwa moja, iache bodi isome yenyewe mara tu inapowashwa kabla hujaweka mdomo, ichukue wastani wake, iongeze kidogo juu, hiyo ndio iwe sifuri. Na ihakikishe haitumi kama namba haijabadilika.

Upande wa juu nao una jambo lake. Sensa hiyo inafika kilopaskali 10, na mtu wa kawaida hapulizi 10 kwa raha, kwahiyo ukiiacha hivyo hivyo utapuliza mpaka mishipa ya shingo itoke na mstari utaishia 60 au 70. Pima pumzi yako ya nguvu ya kawaida ufanye hiyo ndio 127.

Unyevu nao sio wa kudharau, hasa kwa sisi wa pwani Januari mpaka Machi ambapo hata ukuta unatoa jasho. Pumzi ina maji, inaingia kwenye mrija inakuwa matone, tone likikaa kwenye njia usomaji unapanda wenyewe na kushuka wenyewe. Sensa za aina hii zimetengenezwa kwa hewa kavu, mate yakizifikia kwisha habari. Weka sensa juu kuliko mdomo ili maji yasitelemke kwenda kwake, weka kiungo cha T kwenye mrija chenye tundu dogo la kuvujisha hewa, na ukimaliza kupiga ning'iniza mrija ukauke. Hilo tundu la kuvujisha lina faida nyingine, unapuliza hewa inatoka kama kwenye chombo cha kweli badala ya kukaa unajaza mashavu tu. Kwenye kontrola za dukani mara nyingi kuna sehemu ya kukalibreti, ifanye kila unapoanza kazi, sio mara moja ulipoinunua.

Mwanzo wa noti unakatika, au noti inachelewa kufunguka

Ulipopiga ilikuwa na ule mguso wa ulimi mzuri, tu, tu, tu. Ukiplei mguso umepotea, noti nyingine zinaanza kwa kunong'ona, nyingine zinaruka. Swali la kwanza ninalouliza: umekwantaizi, yani umeiambia programu inyooshe noti zikae kwenye gridi ya mapigo?

Na jibu huwa ni ndiyo, nimenyoosha kidogo tu. Sasa hapo ndipo ulipoharibu, manake ulichokinyoosha ni noti peke yake. Pumzi haikusogea. Noti ambayo uliipiga imechelewa kidogo imevutwa mbele ikae kwenye mstari, ila pumzi yake bado iko kule nyuma, kwahiyo noti inaanza wakati pumzi bado iko sifuri, inasubiri. Noti uliyoiwahi imesukumwa nyuma, na pumzi imeanza kabla yake, kwahiyo noti ikifunguka inakuta pumzi tayari iko 80 na inalipuka. Kila noti inakosea kivyake, ndio maana inasikika kama mtu mwingine kapiga.

Tengua kwantaizi. Hiyo ndio dawa ya kwanza na mara nyingi ya mwisho. Kama kuna sehemu imechelewa kweli, chagua sentensi nzima ya muziki, noti na CC zake zote kwa pamoja, alafu isogeze yote kwa mpigo. Programu nyingi zinakuruhusu kufanya hivyo ila sio zote zinafanya zenyewe, kwahiyo hakikisha kwa macho kwamba mstari umesogea na noti zake. Kusogeza noti moja moja kwa mausi ni kosa lile lile ila kwa polepole. Maoni yangu, saksofoni iliyonyooshwa kwenye gridi haina maana hata kama pumzi ingesogea nayo, mpigaji wa kweli anakaa nyuma kidogo ya ngoma na hapo ndipo utamu ulipo, ila najua wengine hawakubaliani.

Kwantaizi inaharibu na kitu kingine, legato, yani kuunganisha noti bila kukata. Vyombo hivi vingi vinapiga sauti moja kwa wakati, na vinajua umeunganisha noti kwa sababu noti ya kwanza imegusana kidogo na ya pili kabla haijaachiwa. Ule mgusano ni mdogo sana, ukinyoosha urefu wa noti unapotea, na kila noti inaanza na ulimi wake kama mtu anayesoma silabi. Ukisikia melodi imekatika vipande wakati live ilikuwa inateleza, vuta mwisho wa kila noti uivuke ya mbele kwa kiasi kidogo. Na kama inateleza kupita kiasi, yani kila noti inaburuzika kwenda nyingine hata pale usipotaka, angalia velositi, yani nguvu ya kugonga kitufe. Kwenye SWAM noti zilizogusana velositi ndogo inaleta mburuzo mrefu na velositi kubwa inaleta mfupi, kwahiyo aliyepiga kinanda kwa kidole laini anapata saksofoni iliyolewa. Pandisha velositi za noti hizo tu.

Wanaotumia kinanda pamoja na kontrola ya pumzi, zoezi moja la mkono: kwa mwanzo laini bonyeza noti kwanza ndio upulize, kwa mwanzo wa ulimi pumzi iwe imeshajaa ndio noti na ulimi vije pamoja. Wanaotumia zile za vidole kama EWI ya Akai au Aerophone ya Roland wao kifaa kinaanzisha noti chenyewe pumzi ikivuka kiwango, kwahiyo kama noti zinachelewa shusha kile kiwango, na kama zinaanza zenyewe kila ukivuta pumzi kipandishe. Vile vinoti vidogo vidogo vinavyojitokeza kati ya noti mbili, ambavyo live hukuvisikia ila ukifungua rekodi vimejaa kama chawa, hivyo vinatokana na vidole kutoshuka pamoja. Kwenye EWI kuna seti ya kuchelewesha vidole, iongeze kidogo, na vilivyokwisha kuingia vifute kwa mkono.

Sauti inatetemeka ovyo

Tazama mstari. Kama nukta zinaruka juu chini, juu chini, 90, 30, 88, 33, basi umerekodi juu ya rekodi. Ulikuwa unazungusha lupu, programu iko kwenye hali ya kuongeza badala ya kubadilisha, na sasa kuna pumzi mbili zimelaliana kwenye traki moja zinagombania plagini. Haitengenezeki, futa CC zote za hapo upige upya, na weka hali ya kubadilisha au kila teki iwe na laini yake. Angalia pia kama una pedali ya ekspresheni kwenye kinanda, pedali iliyochakaa inatuma CC11 yenyewe bila kuguswa, na kama pumzi yako umeiweka CC11 basi mnapiga watu wawili.

Kama badala ya kuruka mstari umekuwa ngazi, vipande vikubwa vikubwa, sauti inapanda kwa hatua unazozisikia, angalia kama programu inapunguza data. Logic ina seti ya kupunguza data za midi wakati wa kurekodi, izime. Cubase ina amri ya kupunguza nukta za kontrola, usiitumie kwenye traki ya pumzi. Zamani ilikuwa na maana, leo hakuna faida yoyote unayopata.

Haina nguvu, au inapiga kelele muda wote

Mstari ukiishia 70, ongeza sensitiviti ya kontrola. Mstari ukigonga 127 muda mwingi ukawa bapa juu, punguza, manake ukishafika juu huna pa kwenda na wimbo wote unakuwa kelele moja. Ukifika 127 vizuri na bado sauti ndogo, angalia kama pumzi imefungwa sehemu mbili, mfano inaendesha ukali wa sauti ndani ya plagini na pia inaendesha volyumu, CC7, kwahiyo kila ukipuliza polepole inapunguzwa mara mbili na sauti ndogo zinapotea kabisa. Acha pumzi iendeshe kitu kimoja, volyumu iachie feda ya mikisa. Kuna na suala la mkunjo, yani uhusiano wa pumzi na namba, anayekuja kutoka kwaya ana pumzi ndefu ila laini anahitaji mkunjo unaopanda mapema, aliyezoea tarumbeta la beni anahitaji unaochelewa.

Ufunguo hauendani

Ukipinda noti kwenye kontrola ikaruka mbali kuliko ulivyotaka, kiwango cha kupinda hakifanani, kontrola imepangiwa nusu toni mbili plagini imepangiwa 12. Vifananishe. Wimbo wote ukiwa juu au chini kidogo kuanzia sehemu fulani, tafuta nukta ya mpindo iliyobaki haijarudi katikati, inakuwa imesahaulika baada ya noti fulani ya mbwembwe. Na kama noti za chini kabisa hazilii bali zinabadilisha staili ya chombo, umeshuka mpaka kwenye vitufe vya kubadilishia upigaji, panda oktavu moja. Wanaotafuta zumari kwa ajili ya nyimbo za harusi za Mikindani na Lindi na hawaipati kwenye maktaba zao, chukueni oboi, zote zinalia kwa matete mawili, pinda kidogo na pumzi iwe kali tangu mwanzo, ndio jirani wa karibu.

Inachelewa

Spika ya bluetooth. Najua ni sabufa nzuri na majirani wa Shangani wote wanaijua, ila haifai kurekodia, unapuliza leo sauti inatoka kesho, wewe unaanza kuwahi ili uifidie, na rekodi yote inakaa mbele ya ngoma. Tumia hedifoni ya waya. Baada ya hapo bafa, yani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukitoa: kwenye sampo 44100 kwa sekunde, bafa ya 256 inachelewesha kama milisekunde 6, bafa ya 1024 kama 23, na hiyo bado hujaweka vingine. Rekodi kwa 128 au 256, ukianza kumiksi ndio upandishe. Laptopu ya Windows isiyo na kadi ya sauti ya nje, draiva ya ASIO4ALL inasaidia.

Ikianza kutoa mikwaruzo kwenye bafa ndogo, zima traki nyingine au zigandishe (zigeuze kwa muda kuwa sauti ili zisile prosesa), na usirekodi laptopu ikiwa kwenye betri na hali ya kubana umeme. Noti zikiwa zinadondoka tu bila mikwaruzo na unatumia maktaba ya sampo iliyoko kwenye hadi diski ya nje, diski haiwahi kusoma, ihamishie ndani. Plagini za aina ya SWAM hazisomi sampo nyingi kutoka diski, zenyewe zinakula prosesa, kwahiyo ujue laptopu yako inaumwa wapi kabla hujachagua.

Ukirenda (ukitoa wimbo kuwa faili la sauti) inatoka tofauti na ulivyosikia

Kwanza angalia traki isiwe na kitufe chekundu na kontrola iwe imechomolewa, yale ya meza kuongea yanaweza kuingia hata hapa ukirenda kwa muda halisi. Pili, anzia kurenda mwanzo wa wimbo au angalau kipande kizima nyuma, usianzie kwenye noti iliyokwisha kushikwa. Tatu, vyombo vingine vina bahati nasibu ndani, kila vikipiga vinachagua sampo nyingine au vinabadilisha kidogo kelele za pumzi, kwahiyo hutapata ile ile mara mbili hata ufanyeje. Ukisikia moja imetoka tamu, usiendelee kuitegemea midi, ibadilishe kuwa sauti papo hapo kwenye traki yake, weka midi pembeni imezimwa, na uendelee kumiksi ile sauti. Mteja akirudi baada ya wiki anataka ubeti wa tatu urudiwe, utafungua midi ya ubeti huo tu.